Jino Lililowekwa Chini ya Nidhamu

“Mama Albertine, hilo jino lako lilizini na nani?”

Swali hilo aliliuliza Mama Fifi, jirani wa ua kwa ua, siku ya Alhamisi saa mbili za asubuhi, mikono yake ikiwa bado na unga wa mikate anayokaanga mbele ya kituo cha afya. Aliuliza kwa sauti ya mtu anayeomba chumvi. Mama Albertine alikuwa anaanika muhogo juu ya mkeka. Aligeuka polepole, kwa sababu shavu lake la kushoto lilikuwa bado limevimba, na kila alipogeuka haraka jino lilimkumbusha nani mukubwa ndani ya nyumba ile.

“Unasema nini, Fifi?”

“Minasema jino. Jana kwenye maombi ya wamama nilisahau kitabu changu cha nyimbo, tukasoma pamoja kwenye chako. Karatasi ilikuwa ndani. Mimi sikusoma sana, mama, lakini ile neno ninaijua. Miaka tisa minauza mikate chini yake.”

Ilikuwa kweli. Kwenye ukuta wa kituo cha afya kulikuwa na bango lililoandikwa herpès kwa herufi nyekundu, na chini ya neno hilo walichorwa mwanaume na mwanamke waliopeana migongo, kila mmoja anatazama chini kama amepoteza sindano. Mama Fifi aliweka meza yake pale kwa ajili ya kivuli. Wote walionunua mikate yake, nao ni mtaa mzima, walitafuna wakiangalia bango lile, na hakuna aliyehitaji kuelezwa ugonjwa ule unapatikana kwa njia gani.

Mama Albertine alikuwa mjane kwa miaka ishirini na miwili sasa. Tangu Okito, mume wake, alipokufa kwa homa wakati wa vita, hakuna mwanaume aliyekaa kwenye kiti cha nyumba yake kupita muda wa kunywa maji. Aliangalia mihogo yake kwanza. Kisha akauliza:

“Jino linazini namna gani, Fifi? Linatoka kwa mlango gani?”

“Njo hiyo, ndiyo hiyo nakuuliza,” Fifi akajibu, na macho yake yalikuwa yanawaka kwa hamu ya kujua.

Mambo ya karatasi yalikuwa hivi. Tangu Noeli, gego la chini upande wa kushoto, la pili kutoka nyuma, lilikuwa linamtesa. Lilianza kwa kupiga kidogo kidogo kama mtu anayebisha hodi, mwisho likapiga kama anayedai kuingia. Akaenda kwa Dokta Naomie, binti aliyesomea meno Kisangani, mwenye kiti kinachoinuka kwa kukanyagwa, pamoja na taa ndogo anayoivaa kwenye paji la uso kama wachimbaji. Dokta alitoboa gego, usaha ukatoka, akasema mzizi umekufa ndani lakini jino lenyewe linaweza kuokoka: ataosha mizizi mara tatu, kisha ataziba.

Halafu akamwomba ruhusa. Kulikuwa na mwalimu wake Kinshasa anayekusanya usaha wa mizizi ya meno kutoka kila jimbo, je, Mama angekubali kutoa wake kidogo?

“Wa kufanya nini?” Mama Albertine aliuliza, pamba mdomoni.

“Sikia, mama. Ndani ya mzizi huu iko bakteria. Hao tunawajua, njo wanaleta usaha. Lakini kuna wataalamu waliokuta wageni wengine kwenye ncha ya mzizi, virusi vya ukoo wa herpès. Ule ukoo ni mukubwa. Mmoja analeta tetekuwanga, mwingine vidonda vya mdomo. Hawa wa mzizi wana majina marefu, nisikuchoshe. Wanatuingia tungali watoto, kwa mate, wanakaa mwilini kimya mpaka siku ya kufa. Mwili ukichoka wanaamka, wanawasumbua walinzi wa mwili, na bakteria wanapata nafasi ya kufanya fujo.”

“Kama waasi na wezi,” Mama Albertine akasema. “Waasi wanafukuza polisi, wezi wanaingia dukani.”

“Kabisa! Lakini wataalamu wengine wanasema hapana, hao virusi ni wapita njia tu, wanasingiziwa. Bado wanabishana. Njo maana tunatafuta.”

Mama Albertine alikubali. Hakuwa amepanda ndege hata siku moja, wala hakuwa na mtu Kinshasa, na ilimfurahisha kidogo kwamba kitu kilichotoka kwake kitaruka juu ya msitu wote ule na kupokelewa na profesa. Baada ya wiki tano jibu lilirudi. Karatasi ilisema kwa Kifaransa: herpèsvirus, positif, yaani wamo. Dokta Naomie akamwambia asiogope, watu karibu wote wangepata jibu hilo. Mama Albertine hakuogopa. Aliikunja mara mbili akaiweka kwenye kitabu cha nyimbo, mahali anapoweka vitu vya heshima.

Sasa Mama Fifi alikuwa amekwisha kuisoma, na kabla mihogo haijageuzwa upande wa pili, habari ilikuwa imefika mpaka kivukoni.

Kilichomtia Mama Albertine baridi hakikuwa vicheko. Yeye ndiye aliyeoka mkate wa Meza ya Bwana. Wakati wa vita, mwaka ule mji wa Kindu ulipofungwa pande zote, alikimbilia msituni nyuma ya Alunguli, ng'ambo ya mto, pamoja na wanawake na watoto wadogo, na kule aliweka nadhiri: watoto hawa wakitoka hai, nitamwokea Bwana mkate wake kwa mikono yangu hii mpaka mikono ikatae. Walitoka hai. Tangu hapo hakukosa Jumapili hata moja ya Meza. Pasaka ilikuwa imebaki wiki tatu. Na katika kanisa lao, mtu akiwekwa chini ya nidhamu hashiki kitu cha Meza, hata kitambaa cha kufunikia.

Jumamosi akaitwa mbele ya kamati ya nidhamu.

Walikaa nyuma ya kanisa, kwenye chumba cha ngoma. Mzee Gédéon alikuwa mwenyekiti, fundi cherehani, mtu mrefu anayekaa wima hata anapokula. Hakuwa mubaya. Alipenda sheria kama wengine wanavyopenda sukari, na kitabu cha nidhamu cha kanisa alikibeba ndani ya mfuko wa plastiki ili mvua isikiguse. Kando yake alikaa Pasta Florentin, mtu mpole aliyetaka kila jambo liishe kwa wimbo. Mwandishi alikuwa kijana Roger, mwenye mwandiko mzuri.

“Mama Albertine,” Mzee Gédéon akaanza, “hakuna mtu hapa anayekushitaki wewe.”

“Aksanti, Mzee.”

“Tunashitaki jino.”

Roger akainua kalamu. “Niandike jina gani la mshitakiwa?”

“Andika: Jino.”

“Jino tu, Mzee? Mama iko na meno mingi.”

“Mama, uko na meno ngapi?”

“Ishirini na tatu.”

“Andika: moja kati ya ishirini na tatu. Wale wengine tusiwaharibie jina.”

Pasta Florentin alikohoa. “Ndugu Mwenyekiti, jino linaweza kutenda dhambi na mwenyewe hajui?”

“Mkono wa mwizi unaiba, Pasta, na miguu imesimama tu inangoja. Kiungo kinaweza kukosa peke yake. Karatasi aliyoleta mama iko hapa. Karatasi haisemi mama iko na ugonjwa. Inasema ni mzizi wa jino.”

“Lakini mzizi uko ndani ya mama.”

“Njo shida yetu,” Mzee Gédéon akasema, na akafungua kitabu.

Kitabu kilikuwa na adhabu ya uzinzi: miezi sita kwenye benchi la nyuma, bila Meza. Ulevi, miezi mitatu. Kupigana sokoni, miezi miwili. Juu ya kiungo kilichokosa bila mwenyewe, hakikusema neno. Walijadiliana mpaka jua likahama dirisha. Roger aliuliza kama jino linaweza kukaa kwenye benchi la nyuma na mama akabaki kwenye benchi lake la tatu. Pasta aliuliza kama haitoshi tukiimba. Mwisho Mzee Gédéon akatoa hukumu, naye aliitoa kwa huruma, ilionekana machoni mwake: jino litakaa chini ya nidhamu miezi sita. Mama Albertine mwenyewe, na meno yake ishirini na mawili, anabaki mshirika kamili. Atapokea Meza ya Bwana, ila atatafuna upande wa kuume tu. Mama Bernadette, mmoja wa wamama wa maombi, atasimama karibu kuangalia.

“Na mkate?” Mama Albertine akauliza. Hicho tu ndicho alichokuja kusikia.

“Mkate hapana, mama. Ukikanda unaonja chumvi. Ulimi na jino ni majirani.”

“Sitaonja.”

“Utapumua juu yake. Mama Bernadette ataoka mpaka muda uishe.”

Mama Albertine alitaka kusema kitu juu ya mkate wa Mama Bernadette, lakini aliogopa kutenda dhambi ya pili siku moja.

Jumapili ya kwanza ya mwezi kanisa lilijaa kuliko kawaida. Watu waliotoka ng'ambo ya mto tangu alfajiri hawakuja kwa ajili ya mahubiri. Mama Albertine alipokea kipande chake, akakisukuma kuume kwa ulimi, akaanza kazi. Mama Bernadette aliinama mbele yake, mikono magotini, uso kwa uso, kama mtu anayechungulia chungu kuona kama maharagwe yameiva.

Mkate ulikuwa mgumu. Mama Bernadette ni mwanamke mwema, amelea yatima wanne, lakini mkate wake ungeweza kuzibia tobo la pirogue ya kuvukia mto. Meno ya kuume yalijitahidi. Kwaya ikamaliza wimbo ikarudia tena kutoka mwanzo. Pasta akakaa, akasimama, akakaa. Kisha kipande kikapasuka ghafla katikati, na chembe moja, ndogo kama punje ya ulezi, ikaruka.

“Imevuka!” Mama Bernadette akapiga kelele. “Imevuka! Imeenda kushoto!”

“Imefika wapi?” Mzee Gédéon akauliza kutoka mbele, amekwisha simama.

“Kwa jino kabisa! Nimeiona kwa macho yangu. Jino limekula!”

Kanisa zima likasema “Eee!” na mtu mmoja nyuma akapiga makofi kabla hajakumbuka mahali alipo.

Hilo sasa lilikuwa kosa zito. Kiungo kilicho chini ya nidhamu kimepokea Meza ya Bwana mbele ya watu wote. Jioni ile Roger alileta barua nyumbani. Ilisema jino ling'olewe na kuletwa mbele ya kamati Alhamisi kabla ya Pasaka. Likiletwa, Mama Albertine atarudishiwa unga siku hiyohiyo. Lisipoletwa, litakuwa jino lililoasi, na mwenyewe ataondoka Mezani pamoja nalo, muda usiojulikana.

“Mama, mimi ninaandika tu,” Roger alisema, akitazama viatu vyake.

“Ninajua, mwanangu. Kunywa maji.”

Jumatatu alikuwa kwa Dokta Naomie mlango ulipofunguliwa.

“Ling'oe, Dokta.”

“Ning'oe nini? Wiki iliyopita nimemaliza kuliziba! Piga hapa. Inauma?”

“Hapana.”

“Uma hiki kijiti. Inauma?”

“Hapana. Halijauma tena hata kidogo.”

“Basi unataka nizike mgonjwa aliyekwisha toka hospitalini?”

Mama Albertine akaeleza yote, kutoka ua wa jirani mpaka chembe iliyovuka. Alieleza bila kulia na bila kuongeza. Dokta Naomie alicheka mwanzo, akaona uso wa mgonjwa wake, akaacha. Alivua taa ya paji la uso.

“Silitoi,” akasema. “Alhamisi ninakwenda nawe.”

Mama Albertine hakupenda. Alikuwa tayari kumtolea Bwana jino moja, hata matatu, lakini si kazi ya mikono yake. Aliona binti huyu msomi atawakasirisha wazee na mambo yatakwisha vibaya zaidi. Lakini hawezi mtu kujing'oa gego mwenyewe. Alijaribu, Jumanne, kwa uzi na mlango wa jiko. Mlango njo ulitoka.

Alhamisi alasiri wakaingia chumba cha ngoma wote wawili. Mzee Gédéon alikuwa ametandika kitambaa cheupe mezani, na juu yake ameweka sahani ndogo. Alitazama sahani, akatazama shavu la Mama Albertine.

“Jino liko wapi?”

“Liko mahali pake, Mzee.”

“Njo uasi huo.”

“Mzee wangu,” Dokta Naomie akasema, “naomba dakika moja. Jino halina kosa. Ile virusi ya bango la kituo cha afya ni nyingine. Hii ya mzizi ni binamu yake tu.”

“Binamu!” Mzee Gédéon akamgeukia Pasta. “Umesikia? Kumbe ukoo mmoja.”

“Ukoo mmoja, lakini njia mbalimbali. Hii inapita kwa mate. Mama anambusu mtoto, anaonja uji wake, imekwisha ingia. Mama Albertine aliipata angali mutoto, kwa mama yake pengine.”

“Mama yake ni marehemu, hatumwandiki.” Mzee Gédéon akafikiri. Ilikuwa hatari mtu huyu akifikiri, kwa maana alifuata wazo lake mpaka mwisho wa njia, hata pasipo na daraja. “Lakini kama inapita kwa mate, basi na yeye amewapa wengine. Nidhamu haiwezi kukamata mmoja na kuacha wenzake. Mama Albertine. Mbele ya Mungu. Nani wamekula mate yako?”

Mama Albertine hakuwa amedanganya mbele ya kamati hata siku moja.

“Watoto kumi na mmoja,” akasema.

Kalamu ya Roger ikakwaruza. “Kumi na... mama?”

“Kule msituni, mwaka wa vita. Hatukuweza kuwasha moto. Moshi ukipanda, wenye bunduki wanaona, wanakuja. Tulikuwa na mahindi makavu na muhogo mukavu, hakuna chungu kinachopika bila moto. Wamama walikuwa wagonjwa, maziwa yamekauka, wazee hawana meno. Mimi nilikuwa na meno yote thelathini na mawili. Basi nilitafuna. Nilitafuna muhogo mpaka ukawa laini, nikawatia mdomoni mwao, mmoja mmoja, kwa zamu. Asubuhi na alasiri. Waliniita Kinu. Wamama walikuja na watoto wao wakasema, Kinu, huyu bado. Miezi minne. Gego hili njo lilianza kupasuka kule.”

Nje mtu alikuwa anapita akisukuma baiskeli yenye mnyororo mkavu, na wote walisikia mnyororo ule mpaka ukaisha.

“Majina,” Mzee Gédéon akasema, lakini kwa sauti ndogo.

“Destin, anayeongoza kwaya. Espérance. Geneviève, mke wa shemasi. Matata anayevusha watu kwenda Alunguli. Roger.”

“Roger gani?” Roger akauliza.

“Wewe, mwanangu. Ulikuwa na miezi saba. Ulikuwa unauma.”

Roger aliangalia kalamu yake, kisha, kwa kuwa alikuwa mwandishi mwaminifu, akaandika jina lake.

“Endelea,” akasema Mzee.

“Israël.”

“Israël gani?”

“Israël wako, Baba.”

Mzee Gédéon mwaka ule alikuwa mbali kule Punia, akichimba mawe ya madini, na njia zilipofungwa alikaa huko mwaka na nusu bila kujua kama ana mke au ana kaburi. Aliporudi alimkuta mwanawe anatembea. Hakuuliza alikula nini. Mke wake, sasa marehemu, alimwambia tu: tulikula. Na yeye aliliacha hapo.

“Alikuwa anakula vizuri?” akauliza. Halikuwa swali la kamati.

“Alitaka mara mbili kila siku. Nilimpa mara mbili.”

Mzee Gédéon akatazama kitambaa cheupe. Taya lake lilifanya kazi kama naye anatafuna. Pasta akafungua mdomo apendekeze wimbo, akaufunga. Kisha Mzee akajiweka wima.

“Andika Israël.”

“Mzee...”

“Andika. Sheria haichagui mtoto wa mtu. Na mke wake. Na watoto wao watatu kule Lubutu, wanakula sahani moja.”

“Basi na mke wa Destin,” akasema Roger, akiandika haraka. “Na watoto wa Geneviève. Na mimi nina mchumba.”

“Umekula naye?”

“Muwa, Mzee. Muwa mmoja tu.”

“Muandike.”

Ukurasa ukajaa, wakafungua mwingine. Hapo Pasta Florentin aliuliza jambo la maana: benchi la nyuma linabeba watu saba. Walifikiri kuongeza benchi nyuma ya lile la nyuma, lakini Mzee aliona kwamba hapo lile la kwanza halitakuwa tena la nyuma, na waliokaa juu yake watakuwa wamesamehewa bila kikao. Roger akasema mimbari inaweza kuhamishiwa upande wa mlango ili kanisa lote liwe nyuma. Pasta akauliza kama yeye atahubiri akielekea wapi.

“Wazee wangu,” Dokta Naomie akasema, naye sasa alikuwa ameshika kichwa, “watu wazima karibu wote wanayo! Hata mimi, bila shaka.”

“Wewe ni wa kanisa gani?”

“Mimi Mkatoliki.”

“Basi wewe hatukuandiki.” Mzee aligeuza ukurasa kwa heshima.

“Aksanti. Lakini niulize kitu kimoja. Kwenye Meza yenu mnakunywa kwa kikombe kimoja?”

“Kimoja. Njo umoja wetu.”

“Na kinachobaki ndani, mnamwaga?”

“Hapana!” Pasta alishituka. “Kilichobarikiwa hakimwagwi chini. Mukubwa wa wazee anakunywa mabaki yote mpaka kikombe kikauke.”

“Na mukubwa wa wazee ni nani?”

Mama Albertine, kwa adabu, alitazama dirisha. Miaka kumi na tisa, Jumapili ya kwanza ya kila mwezi, baada ya midomo mia mbili kupita, Mzee Gédéon aliinua kikombe kile kwa mikono miwili akakimaliza, na hata alikuwa na namna yake ya kugonga kitako kwa kidole ili tone la mwisho lishuke.

“Siwezi kuapa,” Dokta akasema taratibu. “Lakini njia iko.”

Roger alishika kalamu juu ya karatasi. “Mzee, niandike?”

Mzee Gédéon alifungua kitabu cha nidhamu. Alisoma, akarudi nyuma, akasoma tena. Jasho lilikuwa limemtoka chini ya kofia. Angeweza kusema hapana. Kalamu ilikuwa ya mtoto aliyemheshimu, na Pasta angeshukuru. Lakini hakuwa mtu wa namna hiyo.

“Andika,” akasema. “Andika Gédéon.”

“Na mimi ninakunywa kabla yako,” Pasta akasema kwa huzuni. “Niandike mimi pia.”

Roger akaandika wote wawili. Kisha akasita, akavuta kitabu cha nidhamu karibu. “Mzee, iko kifungu hapa. Kifungu cha tisa. Mtu aliye chini ya nidhamu haketi kwenye kamati, haandiki, hafungui kikao wala hafungi.”

“Ninakijua. Nilikiandika mimi.”

“Basi mimi sikuwa mwandishi tangu nilipoandika jina langu. Majina yote yaliyokuja baada ya langu hayahesabiki.”

“Na lako?”

“Langu linahesabika. Nililiandika ningali mwandishi.”

“Basi aandike Pasta.”

“Mimi nimekwisha kuandikwa,” akasema Pasta.

“Lakini wewe hukuandikwa vizuri.”

“Nimekunywa vizuri, Mzee.”

Walitazamana wote watatu. Dokta Naomie alikuwa ameangalia ukuta, mabega yanatetemeka, na haikujulikana kama anacheka au analia. Mama Albertine alikuwa amekaa kama alivyokaa tangu mwanzo, mikono juu ya magoti, na alikuwa amefuata kila neno.

“Naomba niulize,” akasema.

“Uliza, mama.”

“Mzee hawezi kukaa kwenye kamati. Pasta hawezi. Roger hawezi. Dokta si wa kwetu. Basi leo, ndani ya chumba hiki, nani ananikataza kukanda mkate wa Pasaka?”

Mzee Gédéon akafungua kitabu upande wa mwanzo, akakifungua upande wa mwisho. Akakitikisa kidogo, kama kuna karatasi inayoweza kudondoka. Akatazama Pasta. Pasta akatazama Roger. Roger akaficha kalamu chini ya meza.

“Kikao hakijafungwa,” Mzee akasema mwishowe.

“Kifunge, Baba.”

“Siwezi. Niko chini ya nidhamu.”

Mama Albertine akangoja bado kidogo, kwa heshima, ili kama kuna mwenye neno aseme. Watatu wale walikaa mbele ya sahani tupu, hawawezi kuendelea na hawawezi kusimama. Ilikuwa saa tisa na nusu, na chachu inataka muda. Akainuka, akakaza kitambaa chake cha kichwa, akafunga kitenge kiunoni kama anavyofunga siku ya kukanda, akapita kati ya ngoma mpaka mlangoni, akatoka kwenda kwenye unga wake.